Muulize Shangazi: Damu iliniangusha kazini, sasa nataka kuongea na mabinti

Toleo lililopita nilimjibu binti mmoja kwamba kuloanisha pedi nzima kila saa sio ukubwa wala sio baraka, ni ugonjwa unaotafutiwa dawa. Basi nikajifungulia mlango, meseji zimeingia mpaka simu inapata moto. Wengine wananishukuru, wengine wananiambia nimekosa haya, mmoja kaniuliza kama mume wangu anajua ninachoandika (anajua, ndo anayenisomea nikivua miwani). Nimechagua chache. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake refu, mnivumilie, miaka niliyofanya kazi ya unesi wodi ya kina mama haijaisha kichwani.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, watoto wawili. Tangu nivunje ungo natoka damu nyingi, siku nane mpaka kumi, mabonge, navaa pedi mbili kwa mpigo na usiku natandika nguo juu ya shuka. Mama alikuwa ananiambia ndo tulivyo kwenye ukoo wetu hata bibi yako alikuwa hivo hivo, na ile ni damu chafu acha itoke. Nikazoea. Mwaka jana niko kazini napanda ngazi, giza, nikazinduka nina mask ya oksijeni daktari anasema damu yako iko 4, ulikuwa unatembeaje? Nikaongezewa damu, wakapiga ultrasaundi wakakuta fibroidi, yaani vivimbe kwenye mfuko wa uzazi, zikatolewa. Nimepona lakini hasira haijapona Shangazi. Kila nikiona mwanafunzi kafunga sweta kiunoni nataka nimsimamishe nimuulize unatumia pedi ngapi wewe. Nataka niende mashuleni nikaongee. Mume wangu anasema mambo ya chumbani hayatangazwi, dada yangu anasema nitamwaibisha mama. Na mimi sio daktari. Naanzia wapi na nitawaambia nini ambacho hawajaambiwa? — Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na nimefurahi kwamba uko hai unaniandikia. Mtu kuwa na hemoglobini 4 (hiyo ndo namba wanayopimia wingi wa damu) anatembea sio muujiza, ni kwamba damu ilikuwa inapungua pole pole mwaka hadi mwaka na moyo ukawa unajiongezea kazi kimya kimya kuziba pengo. Kwa mwanamke asiye na mimba Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa ni upungufu wa damu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. We ulikuwa nusu ya huo mkali.

Kabla ya mashule tuongee kuhusu wewe kwanza, manake kuna kitu kwenye barua yako kimenikaa. Unasema damu nyingi ilianza ulipovunja ungo. Na bibi. Na mama. Halafu fibroidi zimekutwa una miaka thelathini na kitu. Sasa mwanangu, fibroidi kwa binti wa miaka 13 ni kitu adimu sana, zinaweza kueleza miaka ya karibuni lakini zile za shule hazizielezi. Damu nyingi tangu hedhi ya kwanza kabisa, tena inayotembea kwenye ukoo, inabidi mtu aulize swali lingine: je damu yako inaganda vizuri? Jikumbuke: uking'olewa jino damu inakata mapema? Ulipojifungua? Unatoka mhina puani? Unapata alama za bluu mwilini hata hukumbuki umejigonga wapi? Kama majibu ni ndiyo ndiyo, rudi kwa daktari umwambie hivo hivo nilivyokuandikia na uombe kipimo cha ugonjwa wa von Willebrand na matatizo mengine ya damu kuganda. Na hata kama majibu ni hapana, uliza tu, kipimo hakimuumizi mtu zaidi ya sindano.

Ntakwambia ulivyojulikana huo ugonjwa uone haujatoka mbali na habari yako. Mwaka 1924 daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliletewa mtoto wa miaka mitano, Hjördis, kutoka visiwa vya Åland. Familia ile watoto walikuwa wanatoka damu hazikati, na wengine walishafariki. Daktari akawachunguza ukoo mzima na mwaka 1926 akaandika kuhusu ugonjwa ambao haukuwa hemofilia iliyozoeleka, ule ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda unaowapata zaidi wanaume. Hjördis alifika miaka 13. Akafa kwa kutoka damu kwenye hedhi yake ya nne. Ya nne! Huo ndo ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri unaopata watu wengi kuliko yote duniani, na aina nyingi za ugonjwa huo mzazi mwenye nao kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, wa kiume na wa kike. Kwahiyo kipimo chako sio chako peke yako, ni cha hao wawili pia. Ukikutwa nao dawa zipo. Mojawapo ni asidi ya traneksamiki, waliyoivumbua mwanamama wa Japani, Utako Okamoto, na mumewe mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa anahangaika na akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Haigusi homoni, inazuia bonge lililoshaganda lisiyeyuke. Lakini ni ya kuandikiwa na daktari manake wapo wasiotakiwa kuinywa, kwa mfano aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kwahiyo usiende kuigawa shuleni tafadhali.

La pili kuhusu mwili wako, vidonge vya madini ya chuma. Watu wakiona hemoglobini imefika 12 wanaacha. Akiba ya chuma bado iko tupu, ndo maana madaktari wanataka uendelee kama miezi mitatu mingine baada ya damu kukaa sawa, na usivishushie na chai. Uanaharakati unataka pumzi, kusimama mbele ya watoto mia ni kazi ya mwili, na ukianguka mbele yao utakuwa umefundisha somo lingine kabisa.

Haya sasa mashule. Nimewaona watu wengi wakienda kuongea hedhi, na wengi hufanya hivi: wanaanza na mchoro wa mfuko wa uzazi, wanasema hedhi ni jambo la kawaida msione aibu, wanagawa pedi, wanapiga picha, wanaondoka. Watoto wanapiga makofi. Na yule anayetoka siku kumi anatoka pale anajua zaidi kwamba *ni jambo la kawaida*. Umeona tatizo? Hilo hilo ndo aliloambiwa mama yako, na wewe ukaambiwa na mama yako. Mama hakukudanganya, hakuwa na kipimo tu. Ukoo mzima unaumwa kitu kimoja, atajuaje kama anaumwa?

Kwahiyo kama unataka kitu ambacho hawajaambiwa, wapelekee kipimo. Hedhi ya kawaida mtu anapoteza kama mililita 30 mpaka 40 kwa mzunguko mzima, ni vijiko sita mpaka nane vya chai. Ikipita 80, ambayo ni vijiko 16, hapo madaktari wanaita damu nyingi. Ila hakuna binti atakayepima na kijiko, kwahiyo mwaka 1990 madaktari wa Uingereza walitengeneza chati ya pointi na ni rahisi mpaka mtoto wa darasa la sita anaweza. Pedi yenye doa dogo ni pointi 1. Iliyoloa nusu nusu ni 5. Iliyoloa yote ni 20. Bonge dogo 1, bonge kubwa 5. Unajumlisha hedhi nzima, ikipita 100 unaenda hospitali na karatasi yako mkononi.

Fanya nao mfano ubaoni. Siku ya kwanza pedi mbili za doa dogo na mbili za nusu, hiyo ni 12. Siku ya pili tatu zimeloa zote na mabonge makubwa mawili, 70, tumefika 82. Siku ya tatu moja imeloa yote na mbili nusu, 30 nyingine, jumla 112 na bado hedhi haijaisha. Nyamaza hapo. Usiseme kitu. Utaona vichwa vinainama, kuna anayehesabu kwa vidole chini ya dawati. Huyo ndo uliyemfuata.

(Pedi za siku hizi zinatofautiana unywaji na zile za 1990, na wapo wanaotumia vitambaa au kikombe cha hedhi, kwahiyo chati sio mahakama. Waongezee na dalili zisizohitaji hesabu: hedhi inayopita siku saba, kubadilisha pedi kila saa moja au mbili kwa masaa kadhaa mfululizo, kuamka usiku kubadilisha, bonge linalozidi upana wa sentimita mbili na nusu. Na za damu kupungua: moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kichwa kuuma, hamu ya kutafuna barafu au udongo. Hilo la udongo wengi wanadhani ni tabia mbaya, mara nyingi ni mwili unalia chuma.)

Habari yako mwenyewe iseme, ila kwa dakika tano. Iweke mwanzoni iwafungue masikio, kisha ujiondoe wewe, mada iwe wao. Nimeona mtu kaongea saa nzima wodi, drip, oksijeni, watoto wanalia, mwisho wa siku wanakumbuka alivyoteseka hawakumbuki wafanye nini. Na amua mapema kitu gani husemi. Uchungu wa ndoa, ugomvi na mama, jina la hospitali iliyokupuuza kama ipo, hivo acha nyumbani. Mtoto akikuuliza kitu hutaki kujibu unasema hilo langu, swali lijalo.

Kuhusu kwamba sio daktari: vizuri, usiwe. Nenda na nesi, wewe useme uliyoyaishi na yeye ajibu ya dawa. Kabla ya siku hiyo mwone mkuu wa shule, wazazi waandikiwe barua ya kuwaambia nini kitasemwa, mwalimu awemo ndani muda wote, usikae na mtoto peke yako chumbani hata kama anakulilia, mnakaa mahali mnaonekana. Na ulizia kwanza ni kliniki gani itampokea atakayepatikana na pointi 150. Kama hakuna mahali pa kumpeleka bado hujawa tayari, kumwambia mtoto unaumwa halafu ukapanda gari ukaondoka ni ukatili.

Weka boksi la maswali yasiyo na majina, na wape *wote* karatasi, asiye na swali aandike lolote ili isijulikane nani kauliza. Utakunjua vikaratasi na utakutana na kimoja kimeandikwa kwa penseli kidogo kidogo pembeni, "je mtu anaweza kufa kwa hedhi". Kila shule nilikowahi kwenda kilikuwepo. Jibu kwa ukweli: ni nadra sana, na inazuilika, na hii ndo sababu nimekuja.

Picha za mabinti wameshika pedi usipige. Hata wafadhili wakitaka. Yule mtoto ana wanafunzi wenzie wa kiume wana simu.

Mume na dada sasa. Mumeo anaogopa utaongea ya chumbani kwake, na ana haki kidogo, kwahiyo mwoneshe ile dakika tano yako imeandikwa, asome, atakuta yeye hayumo. Mama yako ndo wa kumwendea kwa heshima. Usimwambie nataka kusema ulivyonikosesha. Muulize na yeye zake zilikuwaje, mwache aongee. Mara nyingi mama anayesema acha itoke ni mama aliyetoka damu miaka thelathini bila mtu kumuuliza, na akishaulizwa unaweza kushangaa yeye ndo anataka kuja shuleni kukaa kiti cha mbele.

SWALI: Shangazi mimi ni mwalimu wa kiume, hesabu kidato cha pili. Kuna binti anaomba ruhusa kila baada ya muda mfupi siku fulani fulani, siku nyingine haji kabisa, na akija mchezoni anahema kama mzee. Nahisi ni mambo hayo lakini nikimuuliza naogopa nitaeleweka vibaya. Nifanyeje?

JIBU: Usimuulize wewe, umeshafanya kubwa kwa kuona. Mwambie mwalimu wa kike unayemwamini, na umwambie ulichoona sio unachohisi: anatoka darasani mara nyingi, hayupo kila mwezi tarehe zinazokaribiana, anahema mchezoni. Hiyo inatosha kabisa kumpeleka mtu kupima damu.

Darasani kwako weka sheria moja kwa wote, wavulana kwa wasichana, anayetaka kwenda chooni anaenda bila maelezo. Mtasumbuliwa wiki mbili na watoro halafu itakaa sawa. Na kwenye kikao cha walimu we ndo usimame uulize choo cha wasichana kina komeo? Kina maji na sabuni? Kuna ndoo yenye mfuniko ya kutupia? Pedi za dharura zinakaa wapi, ofisini kwa mkuu wa nidhamu ambapo hakuna mtoto ataingia kuomba, au mahali anachukua mwenyewe? Mwanaume akiuliza hayo kikaoni yanaingia kwenye muhtasari, inaniudhi kuandika hivi lakini ndo ilivyo, kwahiyo tumia hiyo nafasi. Ile chati ya pointi nayo ni kujumlisha na kuzidisha tu mwalimu, iko kwenye somo lako.

SWALI: Anti, mi nina endometriosisi, ule ugonjwa wa nyama kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, nimeugua tangu nna miaka 15 nikaja kujulikana nna 26 baada ya utumbo kushikana nikafanyiwa operesheni ya dharura. Nilirekodi video nikiwa kitandani nikaelezea, ikasambaa. Sasa inbox imejaa, watu wananitumia mpaka majibu ya vipimo vyao niwasomee, usiku wa manane mtu anapiga analia. Kampuni moja inataka nitangaze dawa ya kusafisha kizazi, hela nzuri. Nimechoka lakini nikinyamaza najiona msaliti.

JIBU: Kwanza hiyo kampuni, hapana. Kizazi hakisafishwi, kinajisafisha, na hivo vitu wanavyoingiza ukeni vinaunguza na kuleta maambukizi. Hela nzuri siku ukisikia binti kaacha dawa zake za hospitali kwa sababu ya sura yako kwenye tangazo haitakuwa nzuri tena.

Pili, miaka 11 ya kutojulikana sio wewe tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu wanawake na wasichana milioni 190 walio kwenye umri wa kuzaa wana endometriosisi, yaani mmoja kwa kila kumi, na wengi hungoja miaka kadhaa kabla ya kupata jina la ugonjwa. Ultrasaundi inaweza kuonesha kila kitu safi na mtu bado anao. Kwahiyo hao wanaokupigia usiku hawajakosa adabu, wameambiwa mara nyingi sana hakuna kitu na wewe ni wa kwanza kuwaambia kipo.

Ila huwezi kuwabeba. Andika jibu moja la kudumu, libandike juu kabisa kwenye ukurasa wako: maumivu ya hedhi yanayokukosesha shule au kazi mwezi hata mwezi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, kujisaidia kwa maumivu makali siku za hedhi, muone daktari wa magonjwa ya wanawake na mpelekee daftari la miezi mitatu lenye tarehe na ulipoumwa. Dharura yaani kuzimia, homa, damu isiyokata, maumivu ya ghafla yasiyovumilika, nenda hospitali *sasa* usiniandikie mimi. Vipimo vya watu usisome. Simu izime saa unayolala. Tafuta wenzio wawili watatu wenye ugonjwa huo huo mpokezane zamu ya kujibu, siku ukiumwa kundi liendelee.

Unamkumbuka Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya? Endometriosisi yake ilifika mpaka kifuani, pafu linasinyaa mara kwa mara, akaenda mpaka Marekani kutibiwa, na muda wote huo alikuwa anaongea hadharani kwa jina lake na sura yake, watu wengi huku kwetu kwenye Kiswahili walilisikia jina la ugonjwa mara ya kwanza kutoka kwake. Alifariki Juni 2024. Namtaja kwa sababu mbili. Moja kuonesha sauti ya mgonjwa mmoja inafika mbali kuliko mabango. Ya pili ni kwamba yeye aliendelea kuwa mgonjwa huku anaongea, na wewe pia ugonjwa haujaisha, kufanyiwa operesheni hakuukatizi moja kwa moja, kwahiyo kupumzika kwako ni sehemu ya matibabu na wala usijieleze kwa mtu. Ukinyamaza mwezi mzima video yako bado ipo, inafanya kazi umelala.

Na ukipata nguvu tena jaribu kwenda kwa wale ambao hawatakufuata wewe. Manesi wanafunzi. Walimu wapya. Wafamasia, ndo wanaouzia watoto vidonge vya maumivu kila mwezi bila kuuliza mbona unarudi. Mwanamitindo wa Marekani Lauren Wasser alipokatwa mguu baada ya kupata sumu ya bakteria iliyohusishwa na tamponi (pamba ya hedhi inayovaliwa ndani ya uke) mwaka 2012, baadaye mguu wa pili nao ukaondolewa, hakuishia kusimulia tu, alisimama na wabunge waliotaka utafiti zaidi wa usalama wa tamponi. Mpaka leo kuna wasiojua tamponi moja haitakiwi kupita masaa nane ndani, na kwamba homa ya ghafla, vipele kama umeungua jua na kizunguzungu wakati umevaa ni kuitoa na kukimbia hospitali. Kaa na mtu anayeweza kubadilisha kitu kimoja, umwombe hicho kimoja.

SWALI: Shangazi nna miaka 14. Nilianza mwaka jana, mara inakuja, mara inaruka miezi miwili. Rafiki yangu anasema damu inajaa ndani itapasuka. Kweli?

JIBU: Sio kweli mjukuu wangu, haijai popote. Mwanzoni mwili bado haujazoea kutoa yai kila mwezi, na kama yai halijatoka hedhi inachelewa. Miaka miwili mitatu ya mwanzo hiyo ni kawaida, kutoka siku ya kwanza ya hedhi mpaka siku ya kwanza ya inayofuata inaweza kuwa siku 21 mpaka 45. Ikipita miezi mitatu bila kuona kitu, au ikija haikati zaidi ya siku saba, mwambie mtu mzima mwende kliniki. Weka alama tarehe kwenye kalenda ya daftari lako, weka nyota tu, hakuna atakayejua. Na hesabu zile pointi hapo juu, kisha mfundishe huyo rafiki yako.

SWALI: Shangazi, mke wangu alifariki. Nabaki na binti wa miaka 11, kifua kimeanza kutoka. Nasubiri dada yangu aje likizo amwambie. Sawa?

JIBU: Pole kwa msiba baba. Usisubiri likizo, tangu kifua kuanza mpaka hedhi ya kwanza kwa kawaida ni miaka miwili mitatu lakini wengine huwahi, na mtoto asiyeambiwa akiona damu anadhani amepasuka. Mwambie wewe, mkiwa mnafanya kitu kingine, mnakunja nguo mnaosha vyombo, asikutazame usoni. Sentensi tatu zinatosha kwa leo: siku moja utaona damu kwenye chupi, haujaumia, ni mwili unakua, na ukiiona niambie. Halafu mkanunue pamoja. Fungueni pedi moja mezani abandike mwenyewe kwenye chupi mpya aone upande wa gundi ni upi, mmwagie maji aone inavyonyonya. Kifuko kidogo ndani ya begi la shule, pedi mbili, chupi moja, mfuko wa kutupia. Dada akija likizo ataongezea yake, na umuulize dada na shemeji zako pia kama kwenye ukoo, wa kwako na wa marehemu, kuna waliokuwa wanatoka damu nyingi. Andika majibu, yaweke pamoja na kadi yake ya kliniki.